Kulala Kando ya Ziwa Si Kulala Ovyo



Mvua ikikatika na kiangazi kikiingia, wengi wenu mnapata konje, na fikira zote zinateremka ziwani. Kamyo inapakiwa magodoro, masufuria, mbabula, gunia la makala, bidoni za esanse, mbuzi mmoja, watoto kumi na wawili, na jamaa wawili ambao hakuna aliyewaalika. Mnapita Kamanyola na Luvungi, mnapita hapa kwetu Sange, mnaendelea kwa Runingu hadi Kavimvira, na mkiliona ziwa kila mtu anapiga makofi. Mnatafuta mahali pa mchanga, mnafunga turubai ubavuni mwa kamyo, wengine wanalala juu ya karoseri, wengine chini yake, na hiyo ndiyo nyumba yenu kwa siku mbili au tatu.

Mimi si mpinzani wa safari hiyo. Mtu aliyemeza vumbi la jiwe mwaka mzima anahitaji upepo wa ziwa, na mtoto wa kambi anahitaji kuona maji makubwa. Naiita safari hiyo dawa. Lakini mnajua ninyi wenyewe: dawa isiyo na kipimo hugeuka sumu. Maoni yangu ni haya: tusiache kwenda ziwani, ila tuache kwenda bila mpango. Na mpango huo una sehemu mbili, moja ya jamaa na moja ya kompani.

ZIWA HALIDAI SIKU ILEILE

Kwa nini watu wengi hawaamini kwamba matembezi ya ziwani yanaleta ugonjwa? Kwa sababu ugonjwa haupandi kamyo pamoja nanyi kwa macho ya watu. Unafika nyuma, polepole, kila mmoja kwa tarehe yake.

Wa kwanza kufika ni kuhara. Kolera inaweza kuanza baada ya saa chache tu, na kwa kawaida haivuki siku tano. Hapo jamaa bado wanakumbuka ziwa, lakini wanasema, « Ni wale ndagala wa mwisho. » Wa pili ni malaria. Mbu amekuuma ufukweni, lakini homa inakuja baada ya wiki moja, mbili au zaidi, wakati umesharudi kazini. Unasema, « Ni uchovu wa kazi. » Wa tatu ni bilarzia. Huyu anakuja na homa na mwili kuwasha baada ya mwezi mmoja au miwili, na mara nyingi haji na dalili yoyote. Anakaa kimya miaka mingi akiharibu ini, mpaka tumbo linajaa maji. Hapo nani atakumbuka kwamba mtoto alicheza kwenye matete siku ya konje ya baba yake?

Basi, mkija dispansari mwezi mmoja au miwili baada ya safari, msimwambie muganga habari ya jana tu. Mwambieni pia, « Tulilala ziwani tarehe fulani. » Maneno hayo machache yanaweza kuokoa mtu, maana muganga atajua atafute nini.

HATA WAGENI WENYE VYOMBO WALIUGUA

Msifikiri kwamba ni sisi tu. Mwezi wa saba mwaka 1960 mwanamke Mwingereza, Jane Goodall, alifika Kigoma pamoja na mama yake, kwenda kuchunguza sokwe. Walikuta Kigoma imejaa watu waliokimbia kutoka kwetu Kongo, maana zilikuwa wiki za kwanza za uhuru wetu na fujo zake, nao wakasaidia kuwatengenezea chakula. Halafu wakapanda boti ya injini, wakapiga hema huko Gombe, kando ya ziwa hilihili letu, ng'ambo ya mashariki. Baada ya muda mfupi mama na binti wote wawili walilala hemani na malaria kali, tena bila dawa. Walipona. Huyo mama alifungua pale ufukweni dispansari ndogo ya kutibu wavuvi kwa dawa rahisi.

Gombe ilifanywa hifadhi ya taifa ya Tanzania mwaka 1968, na leo wageni bado wanalala kando ya maji. Lakini wanalala kwa sheria: mahali pamewekwa, chakula hakiachwi wazi kwa sababu ya nyani, na mwenye mafua haruhusiwi kukaribia sokwe, maana ugonjwa wa watu uliwahi kuwaua. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza kama polio uliwaangusha sokwe wengi wa pale. Fikirini kidogo: sokwe amewekewa sheria ya kumkinga na kikohozi chetu. Je, mtoto wa mfanyakazi hana haki ya kuwekewa sheria ya kumkinga na kolera?

Huko Marekani nako majimbo yana hifadhi zao kando ya maziwa, na watu wanakwenda na nyumba za magurudumu: motokari yenye kitanda, jiko na choo ndani. Tukiona picha zake tunatamani ile motokari. Kwa maoni yangu tunatamani kitu ambacho si chenye maana. Kinachowalinda watu wale ni vitu vitatu vya kawaida. Kwanza, kila motokari inapewa nafasi yake yenye namba. Pili, kuna bomba la maji safi. Tatu, kuna shimo maalum la kumwaga uchafu wa choo, na ni marufuku kuumwaga chini au ziwani. Moto nao una mahali pake, ndani ya pete ya chuma. Ondoa vitu hivyo, na nyumba ya magurudumu ya bei kubwa itakuwa kiota cha magonjwa kama turubai letu. Viweke vitu hivyo, na turubai letu litakuwa nyumba salama. Namba, bomba na shimo: hapo hakuna kitu kinachotushinda sisi watu wa mgodi, ambao kazi yetu ni kuchimba.

MAJI NA CHOO

Sasa tuseme wazi. Ufukweni kwetu mtu anateka maji ya kunywa, hatua tatu kutoka hapo mwingine anaosha sufuria, hatua nyingine tatu mtoto amechuchumaa. Maji ni yaleyale. Ziwa letu lina kina cha karibu mita 1470, na duniani ni Baikal tu la Urusi linalolipita. Watu husema, « Ziwa kubwa hivi halichafuki. » Ni kweli kwamba katikati ni safi, lakini wewe huteki katikati. Unateka pembeni, pale uchafu wa jirani yako ulipo.

Uvira inajulikana sana na waganga kwa kolera isiyokwisha. Mwaka 2020 wakaaji wake walipewa hata chanjo ya mdomo. Basi jamaa anayekwenda kulala huko afuate haya:

Maji ya kunywa yatoke nyumbani ndani ya bidoni safi zenye kifuniko. Yakiisha, yachemsheni, yatokote kabisa kwa dakika moja nzima, halafu yapoe yakiwa yamefunikwa. Au ombeni vidonge vya kutakasa maji hapa dispansari kabla ya kuondoka, na mfuate kipimo cha karatasi yake. Kwa macho tu huwezi kujua maji yenye kolera.

Choo kichimbwe kabla ya sufuria kuwekwa motoni. Kiwe mbali na maji kwa mita 30 au zaidi, juu kidogo, pasipofikiwa na mawimbi. Kila mtu akimaliza anafunika kwa udongo na kunawa kwa sabuni. Mavi ya mtoto mchanga nayo ni mavi. Msiyachukulie kama mchezo. Siku ya kurudi, shimo linafukiwa na kushindiliwa.

Kama mtu ameanza kuhara maji meupe kama maji ya mchele, msingoje asubuhi. Chukueni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mnywesheni kidogo kidogo bila kuacha, hata akitapika, huku mkimpeleka kwenye kituo cha kolera cha hospitali kubwa ya Uvira. Kolera inaua kwa kukausha mwili, na inaweza kumuua mtu mwenye nguvu kabla jua halijazunguka. Anayenyweshwa njiani anafika. Anayelazwa kwanza chini ya kamyo « tuone kama itaisha » anaweza asifike.

Kuhusu bilarzia: konokono wake anapenda maji yaliyotulia, yenye matete na majani. Msiogee hapo, wala msiache watoto wavue hapo wakiwa wamesimama majini, na mchana wa jua kali ndio mbaya zaidi. Mkitaka maji ya kuoga, yatekeni leo, yakae ndani ya bidoni siku mbili nzima. Vijidudu vya bilarzia vilivyokuwa ndani vitakufa. Kwa safari ya siku mbili, basi, maji ya kuoga nayo yatoke nyumbani, au yapashwe moto sana na kuachwa yapoe. Aliyeingia kwenye matete aje kwetu baada ya wiki sita hadi nane apimwe. Dawa ipo, nayo ni ya vidonge.

MOTO NA HEWA

Kwa watu wa Sange sihitaji kueleza sana esanse ni nini. Tarehe 2 mwezi wa saba mwaka 2010, lori la mafuta lilipinduka hapa mjini. Esanse ikamwagika, watu wakaja na vyombo kuchota, halafu moto ukawaka. Zaidi ya watu 230 walikufa. Wako waliokuwa wameketi ndani ya nyumba za sinema wakitazama mpira wa Kombe la Dunia; hawakugusa hata tone la mafuta, na moto uliwafikia. Hilo ndilo somo ambalo kila mgeni anayepita kwetu anapaswa kulibeba: esanse haikai mahali ulipoiweka. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kama nyoka, na unatafuta moto wenyewe.

Basi, nashangaa ninapoona kamyo za konje zina bidoni ya esanse kando ya mbabula, na juu yake mtoto amelala. Bidoni ya esanse isiwekwe pamoja na watu wala makala. Jiko liwe mbali na kamyo, upande ambao upepo hauleti cheche kwenye turubai. Hakuna kumimina esanse usiku kwa mwanga wa mshumaa au kibatari. Shofere ndiye bwana wa sheria hii, na akisema hapana, hata kapita asimbishie.

Jambo la pili la moto ni lile linaloua kimya. Usiku wa kiangazi upepo wa kusini una baridi. Mama anaingiza mbabula chini ya turubai, analifunga vizuri, watoto wanapata joto. Ninyi mnaoshuka shimoni mnaijua hewa mbaya. Makala yanayowaka mahali palipofungwa yanatoa gesi ambayo haina harufu, haina rangi, haikohozeshi. Inaingia damuni na kuchukua nafasi ya hewa njema. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, miguu inalegea, usingizi unashika. Na msidanganyike na taa: katika gesi hiyo mshumaa unaweza kuendelea kuwaka wakati mtu anakufa. Ndiyo maana wachimbaji wa Ulaya zamani walishuka shimoni na ndege mdogo ndani ya kizimba. Ndege akianguka, wanakimbia. Uingereza waliacha desturi hiyo mwaka 1986 tu, walipopata mashine za kupima.

Ninyi hamtabeba ndege kwenda ziwani. Basi mbabula ilale nje, imezimwa. Hakuna kulala ndani ya motokari iliyofungwa injini ikiwa inaunguruma, hata kama ni kwa ajili ya redio. Mkimkuta mtu amelegea, mtoeni nje kwenye upepo kwanza, maswali baadaye.

MAHALI PA KULALA

Mahali pazuri kwa macho si lazima pawe pazuri kwa kulala. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, na anayekuta hema kwenye njia yake halizunguki. Mkiona njia pana iliyokanyagwa kutoka nyasini hadi majini, hameni kabla ya giza. Karibu na mdomo wa Ruzizi kuna mamba pia. Upande wa Burundi mmoja alijulikana duniani kwa jina la Gustave. Hapo si mahali pa kuogea wala pa kusafishia samaki.

Tena ziwa lenyewe linahama. Mwaka 2024 maji yalipanda hata yakaingia ndani ya nyumba za ufukweni Uvira na Bujumbura, na vyoo vikajaa maji. Mito inayoshuka kutoka milimani nayo haibembelezi: mwezi wa nne mwaka 2020 mto Mulongwe na mingine ilifurika Uvira, ikaua watu wengi na kubomoa nyumba kwa maelfu. Kwa hiyo msipige turubai kwenye mkondo mkavu wa mto eti mchanga wake ni laini. Mchanga huo uliletwa na maji, na maji yanaijua njia ya kurudi.

Chandarua kwa kila godoro. Mama mjamzito na watoto chini ya miaka mitano wapate kwanza. Baba atajifunika shuka.

Na kuzama: sakafu ya ziwa letu inashuka ghafla sehemu nyingi. Mtoto anasimama maji yakiwa kiunoni, anapiga hatua mbili, hana chini. Shimoni hatuachi kazi bila mtu wa zamu. Ziwani pia awekwe mtu wa zamu wa watoto, asiyekunywa hata Primus moja hadi abadilishwe. Awe na kamba ndefu iliyofungwa kwenye bidoni tupu yenye kifuniko. Bidoni hiyo inaelea, na mtu anayezama atarushiwa bila mwokoaji kuingia majini kuzama naye.

KWA VIONGOZI WA KOMPANI

Sasa nageukia viongozi wetu, kwa heshima. Kompani inatoa kamyo kwa matembezi, na tunashukuru. Lakini kutoa kamyo bila mahali pa kwenda ni kama kumtuma mtu shimoni bila taa. Naomba mambo manne. Tupate kiwanja kimoja kando ya ziwa, kwa mapatano na wenye mji, kila jamaa na nafasi yake yenye namba. Kiwe na vyoo viwili vya kudumu mbali na maji, kimoja cha wanawake na kimoja cha wanaume. Kiwe na tangi la maji yaliyotakaswa. Na kila kamyo ibebe sanduku la dawa pamoja na karatasi ya majina ya wanaoondoka, ili wanaorudi wahesabiwe. Pia, habari za usalama wa barabara zipatikane asubuhi ileile ya safari. Siku ambayo njia haijatulia, konje iliwe nyumbani.

Wako watakaosema, « Ni gharama. » Nawajibu: andikeni upande mmoja bei ya vyoo viwili na tangi. Upande wa pili andikeni siku za kazi zinazopotea wanaume watano wakilala na malaria na kuhara, serumu tunazotundika, na jeneza moja la mtoto. Mhasibu mwenyewe ajibu.

Wako pia wazee watakaosema, « Babu zetu walilala ufukweni bila hayo yote. » Ni kweli walilala. Lakini walikuwa wavuvi wachache, penye nafasi, kila mmoja anajua maji yake. Leo Uvira ni mji wa watu wengi mno, na uchafu wao wote unateremkia maji haya. Tena babu hao walizika watoto wengi, na hawakujua kilichowaua. Sisi tunajua. Kujua bila kutenda ni kubaya kuliko kutojua.

Hata kabla kiwanja hakijapatikana, jamaa yako isikae kungoja. Jembe la choo linagharimu kiasi gani? Chandarua mnacho. Sabuni mnayo. Kamba na bidoni tupu zipo nyuma ya nyumba. Kabla ya konje yenu ijayo, mama wa nyumba apitie vitu hivyo kwa kidole, kimoja kimoja, kama kapita anavyokagua kofia na taa kabla ya watu kushuka shimoni. Kikikosekana kimoja, kamyo isiondoke.

Dispansari iko wazi kwa yeyote anayetaka vidonge vya maji au ushauri kabla ya safari. Afadhali mtugongee mlango mkiwa wazima.

Msaidizi wa muganga, dispansari ya kompani, Sange